Wanyama waliovaa suruali: kutoka Msasani hadi kwenye vitabu vya wanetu

Ukipita Hurumzi au Gizenga hapa Mji Mkongwe, huwezi kuzikosa: picha za twiga wenye shingo za kupindapinda, tembo wekundu na ndege wenye macho makubwa, zimetundikwa ukutani kama kanga dukani. Sisi tumezipita miaka mingi bila ya kuziangalia. Tulijua ni vitu vya wageni. Kumbe wageni walikuwa wananunua kitu chetu, na wanetu wanakipita tu wakienda skuli.

Picha hizi zina baba. Ni Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa 1932 upande wa Tunduru, kusini kabisa ya Tanzania. Alikuja Dar es Salaam katika miaka ya 1950 kutafuta maisha kama vijana wengine, akafanya kazi hii na ile. Mwaka 1968 hivi akaanza kuchora. Hakuwa na kitambaa cha wachoraji wala rangi za bei. Alichukua vipande vya ubao mwembamba wa dari na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, akachora chui, ndege na watu. Mkewe, Bi Agatha Mataka, alikaa na picha nje ya Morogoro Stores, upande wa Oyster Bay na Msasani, akiwauzia Wazungu waliokuja kununua mahitaji yao. Wanaosimulia habari za Tingatinga humtaja bibi huyu kwa sentensi moja, kisha wanaendelea. Sisi tunasema bila yeye kukaa juani, huenda picha zile zingebaki uvunguni.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu. Alikuwa na miaka 40 tu, na kuchora kwenyewe alikuwa amechora miaka minne hivi. Lakini alikwisha kuwafundisha ndugu na jamaa zake, na hao wakawafundisha wengine palepale Msasani, mpaka ikawa chama cha ushirika.

Katika waliokuja kujifunza baadaye ni John Kilaka, na huyu ndiye tuliyemkusudia leo. Kazaliwa 1966 Sumbawanga, huko Rukwa, akaja Dar es Salaam mwaka 1987. Alijifunza kuchora kwa mtindo wa Tingatinga, lakini akaongeza kitu: hadithi, na kichekesho ndani yake. Wanyama wake hawasimami porini kungoja kupigwa picha. Wamevaa mashati na magauni, wanakwenda sokoni, wanagombana, wanahukumiana. Kitabu chake kuhusu samaki wabichi kilitoka Uswisi kwa Kijerumani mwaka 2001, halafu kwa Kiingereza Canada mwaka 2005. Ndani yake yumo Sokwe aliyevua samaki wengi na Mbwa mwenye roho ya uchu asiyeweza kuwavumilia. Kikafuata kile cha Panya na Tembo: Panya ndiye anayejua kuwasha moto, Tembo anajifanya rafiki wa kumtunzia chakula, kisha njaa ikija anamnyima. Nani hajawahi kuwa na Tembo wa namna hiyo katika maisha yake?

Tunachokipenda zaidi ni kile cha mti wa ajabu. Matunda yameiva, wanyama wana njaa, na mti hauachii mpaka utajwe jina lake, analolijua Kobe mzee. Sungura anajitolea kwenda, wanamwambia we mdogo, kaa kando. Wanatumwa wenye miili mikubwa, na njiani wanalisahau jina! Mwishowe ni huyohuyo mdogo. Kilaka hakuzitunga hadithi hizi zote kichwani mwake. Alikwenda vijijini, akakaa na wazee, akasikiliza. Bibi zetu hapa nao walitusimulia za Sungura taa zikiwa zimezimika, na wengi wao tumewazika bila ya mtu kuandika hata moja.

Tunajua swali linalokuja, maana shoga zetu wawili watatu wameshatuuliza: na hizi picha za viumbe, dini inasemaje? Wanazuoni wamekhitilafiana, na kila mmoja amuulize anayemwamini kwa elimu. Sisi tunakumbuka tu ile riwaya ya Bi Aisha, Mola amridhie. Alikuwa na wanasesere wake, na kati yao farasi wa matambara mwenye mbawa mbili. Mtume, rehma na amani zimshukie, alimuuliza farasi gani huyu mwenye mbawa. Bi Aisha akamjibu: kwani hukusikia kuwa farasi wa Nabii Suleiman walikuwa nazo? Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Kinachotuuma ni kingine. Tembo aliyechorwa na Mtanzania, katika hadithi ya Kitanzania, aliwafikia watoto wa Zurich na Toronto kwa lugha zao, na wanetu humu nyumbani wanaangalia katuni za simu kutwa.

Juzi tulipita Gizenga na mtoto wa miaka mitano. Akasimama mbele ya picha moja, akakataa kuondoka. "Mama, huyu tembo anamcheka nani?" Tulikuwa na haraka, kuna muamala wa benki na adhana imekaribia. Tukakaa barazani kwa watu, tukaanza: paukwa.

"Pakawa!" akajibu muuza picha kutoka ndani ya duka.