Balbu Iliyotuliza Mawimbi

Kisa cha gereji ya Palo Alto, California, kimesimuliwa mno hata kifaa chenyewe kikafunikwa. Kwamba William Hewlett na David Packard walianza kampuni mwaka 1939 kwa mtaji wa dola 538, wengi wanajua. Bidhaa yao ya kwanza, osileta ya Model 200A, haitajwi sana, ingawa ndiyo iliyotibu shida ya mafundi wa redio na vikuza sauti: kupata umeme wa AC wa kupimia, uliotulia, kwa bei inayolipika. Osileta za wenzao ziliuzwa dola 200 hadi 600. Yao dola 54.40. Kwa maoni yangu, nafuu hiyo ilitoka kwenye balbu moja ndogo.

Osileta hujilisha yenyewe: sehemu ya mawimbi yanayotoka hurudishwa yakuzwe tena. Yakirudi machache, hufifia na kufa. Yakizidi, huvimba mpaka vali zinalemewa na umbo lake kuharibika. Hewlett aliiweka balbu kwenye njia ya pili ya kurudisha, ile inayopunguza ukuzaji, si kwa ajili ya kumulika. Mawimbi yakipanda, uzi wake hupata joto, ukinzani huongezeka na ukuzaji hupungua. Yakishuka, uzi hupoa na ukuzaji hurudi. Kazi ambayo ingehitaji saketi nzima ikafanywa na kitu cha senti chache.

Yuko atakayesema Hewlett hakubuni kitu: daraja la Max Wien, saketi ambayo osileta yake iliitegemea, lilikuwapo tangu 1891, na Meacham wa maabara za Bell alishatumia balbu mwaka 1938. Kweli, lakini osileta ya Meacham ilifungwa kwenye masafa mamoja ya fuwele, na anayepima kikuza sauti hutaka kuzungusha kitufe apite sauti nzito hadi nyembamba. Pingamizi la bei lina uzito zaidi. Packard mwenyewe alikiri baadaye kwamba dola 54.40 hazikurudisha hata gharama. Hata hivyo toleo lililofuata, 200B, ambalo Disney ilinunua nane kwa ajili ya filamu ya Fantasia, liliuzwa dola 71.50, kama theluthi tu ya bei ya mshindani wa chini kabisa.

Udhaifu wa balbu ni uzito wake wa kupoa. Kwenye masafa ya chini sana, uzi huanza kufuata kila wimbi na kulipotosha. Lakini uzito huohuo ndio uliofaa kwingineko: uzi mwepesi wa kupoa ungeyakata mawimbi yote, na osileta isingetoa umbo safi hata mara moja.