Pengo la Futi Sita

Kwa zaidi ya miaka mia moja, behewa la mizigo lenye paa ndilo lililobeba karibu kila kitu kilichosafiri kwa reli huko Marekani na kisichotakiwa kunyeshewa: ngano, pamba, unga, samani, nyama ya makopo, mbao zilizorandwa, na baadaye magari mapya kutoka Detroit. Wanaoandika historia yake hukawia kwenye mambo makubwa, kama fremu ya chuma iliyoiondoa ile ya mbao, breki za hewa, na viunganishi vilivyookoa vidole vya wafanyakazi. Mlango hupewa sentensi moja na kuachwa. Nadhani hapo wanakosea. Mlango ule wa kuteleza ubavuni ulibuniwa kwanza kwa ajili ya nafasi iliyo nje ya behewa. Suala la kufunga lilikuja baadaye, tena kwa shida. Kilichobaki wazi kiliachiwa watu wenye nyundo na misumari, na sehemu kubwa ya historia ya mlango huo ni ugomvi mrefu kuhusu nani alipie pengo.

Tazama vipimo. Mwanzoni mwa karne ya 20, njia mbili za reli zilizolala sambamba mara nyingi zilitenganishwa kwa futi 13 au 14, ukipima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Behewa lenyewe lilikuwa na upana wa nje wa futi 10 hivi. Kati ya ubavu na ubavu, basi, zilibaki futi 3 au 4. Mlango wa kawaida ulikuwa na upana wa futi 6. Ukiugawa mara mbili na kuutia bawaba, kila upande una futi 3. Ukiufungua, ama unamgonga jirani, ama unamzibia njia mwenye toroli. Ukisahauliwa bila komeo treni ikiwa mwendoni, upepo unautoa nje hadi kwenye njia ya treni inayokuja. Mlango wa kuteleza hauombi zaidi ya inchi chache, kwa kuwa unakwenda ukiambaa ubavuni mwa behewa lake. Faida hiyo ilionekana hasa kwenye maghala ya mizigo ya miji mikubwa. Mabehewa yalipangwa kwenye njia kadhaa sambamba mbele ya ukumbi wa kupakulia, milango ikitazamana, vikawekwa vibao vya chuma kutoka sakafu hadi sakafu, na vibarua wakasukuma matoroli wakipita ndani ya behewa la kwanza na la pili ili kulifikia la tatu. Ardhi ya mjini ilikuwa ghali, na utaratibu huo uliibana vizuri. Kwa milango ya bawaba ungekwama siku ya kwanza.

Msomaji anaweza kusema kwamba ninatafuta sababu nzito mahali ambapo mazoea yanatosha. Wamarekani wa karne ya 19 walikuwa na maghala ya shambani yenye milango mikubwa ya kuning'inia kwenye reli ya chuma. Basi seremala aliyejenga ghala angejenga behewa kwa mkono uleule. Sikatai kwamba huenda wazo lilitoka huko. Lakini mazoea hayaelezi kwa nini mlango huo uliendelea kuishi baada ya maseremala kuondoka, mabehewa yalipogeuka kuwa ya chuma kitupu na kuundwa na wahandisi ambao hawakuona haya kutupa kila kitu kingine. Pingamizi la pili ni zito zaidi: Uingereza. Huko nako kulikuwa na reli, njia sambamba na maghala ya mijini, na bado mabehewa mengi yenye paa yalikuwa na milango miwili ya bawaba. Tofauti iko kwenye ukubwa na mahali pa kupakulia. Behewa la Kiingereza lilikuwa dogo, la magurudumu manne, la kubeba tani 10 au 12, na kwa kawaida lilipakuliwa kando ya jukwaa, ambako mlango uliweza kufunguka hadi ukaegemea ubavu. La Kimarekani lilipakuliwa popote: jukwaani, kwenye uwanja wa changarawe huku mkokoteni wa farasi umerudi kinyumenyume hadi mlangoni, au katikati ya mabehewa mengine. Tena Waingereza hawakuwa na kauli moja. Kampuni ya reli ya LMS iliweka milango ya kuteleza kwenye mabehewa yake mengi.

Sasa mlango wenyewe. Ulining'inia juu kwa vishikizo vyenye magurudumu madogo, au ulikalia magurudumu hayo chini, na ulipita nje ya ukuta. Hapo ndipo tabu ilipoanzia. Kitu kinachopita nje ya ukuta bila kuukwaruza lazima kiwe mbali nao kidogo, na umbali huo mdogo ulitosha kupitisha mvua, cheche za injini, vumbi na nafaka. Mlango pia ulielekea kulekule treni inakoelekea. Kila dereva alipofunga breki, uzito wa mlango ulitaka kuendelea na safari, ukajibamiza wazi au ukajifunga kwa kishindo. Wadandiaji treni wa miaka ya mdororo wa uchumi walilijua hilo kuliko wahandisi: waliwahi kuchomeka msumari wa reli au kipande cha gogo kwenye mfereji wa mlango, kwa sababu aliyefungiwa ndani hakuwa na namna ya kufungua komeo la nje, na behewa lingeweza kuegeshwa pembeni kwa siku nyingi. Kishikizo kikichakaa, mlango mzima ulichomoka na kuanguka njiani. Kanuni za usalama za serikali kuu ya Marekani bado zinakataza behewa kutumika kama mlango wake wa kuteleza hauna vishikizo vizima vya kuuzuia usichomoke. Mlango huo haukuweza hata kuegemewa. Mzigo ulioserereka ndani uliusukuma nje kama pazia, hivyo kanuni za upakiaji zikataka mlango ukingwe kwa mbao zilizopigiliwa au mikanda ya chuma. Kuhusu wizi, kilichobaki ni lakiri, kipande cha bati au risasi chenye namba, kilichoandikwa daftarini kila behewa lilipobadilisha mikono. Lakiri haikuzuia mwizi. Ilisema tu kama amepita.

Hakuna mzigo uliouumbua mlango huo kama nafaka. Hadi miaka ya 1960 sehemu kubwa ya ngano ya Marekani na Kanada ilisafiri ikiwa imemwagwa tu ndani ya mabehewa haya, bila gunia. Huwezi kumwaga ngano kwenye chumba chenye tundu la futi 6 kila upande ukategemea bati linaloning'inia nje. Kwa hiyo kabla ya kupakia, fundi aliingia ndani na vipande vya mbao virefu kuliko upana wa mlango, akavipigilia kwenye miimo kwa ndani, kimoja juu ya kingine, kutoka sakafuni hadi kifuani au zaidi. Alivipigilia kwa ndani kusudi, ili uzito wa nafaka uvikandamize kwenye miimo badala ya kuvisukuma viachane nayo. Nyufa za sakafu na pembe alizisokomeza karatasi na matambara. Kisha bomba la ghala likapitishwa juu ya mbao hizo, kwenye nafasi iliyoachwa, na nafaka ikarushwa upande huu na ule hadi kwenye alama zilizochorwa ukutani: mstari mmoja wa ngano, mwingine wa mahindi, mwingine wa oti, kwa kuwa ujazo uleule hauna uzito uleule. Mkaguzi alipanda kwenye nafasi hiyohiyo ya juu na kuchoma kichokoo chake kuchukua sampuli. Behewa likifika Minneapolis, Buffalo au Fort William, mlango wa nje ulisukumwa, mbao zikang'olewa kwa mitaimbo huku nafaka ikizikandamiza, na shehena ya katikati ikamwagika shimoni. Ya pembeni ilivutwa na watu wenye mabeleshi mapana yaliyofungwa kamba ya mashine, katika vumbi ambalo mtu hawezi kulipenda. Baadhi ya maghala yalichoka na kujenga mtambo wa kulikamata behewa zima na kulipindua, huku na huku, hadi likawa tupu. Ukifikiri kwamba yote haya yalifanywa ili kukwepa kasoro ya mlango mmoja, unaanza kuona gharama.

Na gharama hiyo haikuwa na mwenyewe. Mwaka 1916 kesi ya Loomis dhidi ya reli ya Lehigh Valley ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Wasafirishaji walikuwa wametumia fedha zao kutengeneza milango ya ndani na vizuizi ili mabehewa waliyoletewa yafae kwa nafaka na mazao mengine, na wakaitaka kampuni ya reli iwarudishie. Mahakama haikusema nani alipe. Ilisema swali hilo linahusu nauli, na kwamba la kwanza kuliamua ni Tume ya Biashara Baina ya Majimbo. Jibu hilo linafundisha kuliko linavyoonekana: kufikia mwaka huo, mlango usiofunga ulikuwa umekubalika kiasi kwamba ulihesabiwa kama sehemu ya nauli, na si kama behewa bovu.

Hapa kuna pingamizi ninaloliheshimu. Tangu sheria ya mwaka 1906, kampuni iliyopokea mzigo ilibeba dhamana ya upotevu wake njiani kote, hata kwenye reli za wengine. Kama nafaka ilivuja na kampuni ikalipa fidia, ilikuwa na kila sababu ya kutengeneza mlango bora. Ikiwa haikufanya hivyo, labda mlango haukuwa tatizo kubwa, na nafaka ilivuja zaidi kupitia kuta na sakafu za mbao zilizochoka. Kuhusu kuta, ni kweli. Lakini kuta za chuma zilienea kuanzia miaka ya 1930, na mafundi wa kupigilia mbao milangoni hawakupumzika kwa miaka mingine thelathini. Kuhusu fidia, kumbuka kwamba mabehewa ya Marekani yalizunguka nchi nzima bila kujali mwenyewe. Kampuni iliyonunua mlango wa bei ingeuona ukifanya kazi kwenye reli ya mtu mwingine kwa miezi, ukiokoa nafaka ya mtu mwingine, huku fidia ikiendelea kulipwa kwa mabehewa mabovu ya jirani. Hesabu ya namna hiyo haimshawishi mhasibu. Mbao na msumari vilikuwa rahisi, kibarua alikuwa rahisi, na gharama ilitawanyika senti kwa senti.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikaja foklifti, na mlango ukaanza kuvutwa pande mbili. Foklifti na paleti yake zilitaka futi 8, kisha 10. Wenye nafaka walitaka ubaki 6, kwa sababu kila futi ya ziada ni mbao ndefu zaidi zinazopinda zaidi. Wauza mbao walikwisha kulalamika zamani. Mabehewa mengi ya kale yalikuwa na kidirisha kwenye ncha ili ubao mrefu upenyezwe. Wenye magari walipewa milango miwili miwili. Foklifti yenyewe haikuwa na adabu: dereva akikuta mlango umekwama, aliusukuma kwa uma, na vishikizo vikapinda.

Lakini si ilikuwepo dawa? Miaka ya 1950 ulienea mlango wa kuziba, ambao hutolewa nje kwa mkono wa kuzungusha, huteleza, kisha hurudishwa ndani ukakaa sawa na ukuta. Unafunga kweli, na unavumilia mzigo unaouegemea. Basi huwezi kusema mlango wa kuteleza hauwezi kufunga. Nakubali, na nasema hilo ndilo linaloonyesha jambo lilikuwa la fedha tangu mwanzo. Mlango wa kuziba ni mzito, una nondo na mizunguko inayohitaji grisi na fundi, na ulikwenda kwa wenye mzigo wa kulipa: vyakula vinavyotaka ubaridi, friji na majiko. Nafaka haikuusubiri. Mwaka 1961 Southern Railway ilileta behewa lake la alumini lililoitwa Big John, la kubeba tani 100 hivi, linalojazwa kwa juu na kumwagwa kwa chini, bila mlango wa ubavuni kabisa, na ikataka kukata nauli kwa asilimia 60 hivi. Washindani wakaenda mahakamani, na mwaka 1963 Mahakama ya Juu ikakataa kuzizuia nauli hizo. Mwaka 1972 serikali ya Kanada ilianza kununua mabehewa ya aina hiyo kwa wakulima wake. Magari yakapanda kwenye raki za ghorofa, mbao zikahamia kwenye mabehewa ya wazi.

Mizigo mingine iliingia kwenye kontena. Mfanyabiashara Malcom McLean alisafirisha kontena 58 kwa meli ya Ideal X kutoka Newark hadi Houston mwaka 1956, na milango ya kontena ikawa ya bawaba, kwenye ncha. Inawezekana kwa sababu kontena halifunguliwi likiwa njiani. Linalopanda treni ya SGR ya Kenya huko Mombasa hufunguliwa baada ya kushushwa, kwenye yadi au bohari, ambako mbele ya mlango kuna nafasi ya kutosha na hakuna behewa la jirani futi 3 kutoka hapo. Behewa lenye paa halijafa Marekani; linabeba hasa marobota mazito ya karatasi, yanayotaka sakafu safi na paa lisilovuja, na mengi kati ya mabehewa hayo yana mlango wa kuziba. Mwenye kiwanda cha karatasi hakubali kupigilia mbao, na nauli yake inatosha kumlipa fundi wa kupaka grisi.