Ukusanyaji wa vyungu vya kale, Kitale na Bungoma

Ukusanyaji wa vyungu vya kale katika Kitale na Bungoma ni shughuli ya kutafuta, kutunza na kuandikia kumbukumbu vyombo vya udongo vilivyofinyangwa kwa mkono na kutumika majumbani mwa watu wa miteremko ya Mlima Elgon, hasa Wabukusu, Watachoni, Wasabaoti na majirani zao. Vyombo hivi kwa kawaida si vya enzi za mbali. Vingi ni vya karne ya 20, na chungu cha miaka 60 huhesabiwa kuwa mzee, kwa kuwa kilifinyangwa kitumike hadi kivunjike.

Kukusanya ufinyanzi wa wanakijiji kuna historia ndefu kwingineko. Yanagi Sōetsu alifungua jumba la sanaa za watu wa kawaida mjini Tokyo mwaka 1936, na Alexander Girard aliyapa makumbusho ya Santa Fe, Marekani, zaidi ya vitu 100,000 alivyokusanya yeye na mkewe kutoka mataifa mengi, vyombo vya udongo vikiwamo. Waswahili wa pwani walitangulia kwa karne kadhaa: mabakuli ya Kichina yalipangwa kwenye zidaka za nyumba za Lamu na kupachikwa kwenye kaburi la mnara la Mambrui. Lakini pwani walithamini chombo kilichovuka bahari. Kule Elgon hakuna aliyeujengea mtungi kidaka. Ulikaa chini penye kivuli, na chungu kikakaa juu ya mafiga.

Makusanyo ya Kitale

Makusanyo rasmi ya eneo hili yalianzishwa na Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi wa Kiingereza wa Trans Nzoia aliyekusanya wadudu, ndege, vitabu na vifaa vya wenyeji. Mwaka 1926 alifungua makumbusho yake binafsi. Alifariki mwaka 1966 na kuacha wosia uliotoa makusanyo hayo kwa taifa, pamoja na fedha za kuyajengea nyumba. Jengo la sasa lilifunguliwa Desemba 1974, na Kitale ikapata makumbusho ya kwanza ya kimkoa katika bara la Kenya. Uani zimejengwa nyumba za kiasili za jamii mbalimbali, na mgeni anayetaka kujifunza vyungu angeanzia huko kabla ya kutazama makabati, maana chungu hueleweka kwa mahali kilipowekwa ndani ya nyumba. Mji huo una pia makumbusho binafsi, Treasures of Africa, yanayojulikana kwa vifaa vya Wakaramojong vilivyokusanywa na aliyekuwa afisa wa kikoloni nchini Uganda.

Makusanyo ya namna hii humweleza aliyekusanya kama yanavyowaeleza wenye vitu. Ndiyo sababu kazi ya watafiti ni nyongeza ya lazima. Shemasi mkuu Walter Owen, mmisionari aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya, aliokota vigae vya kale huko Siaya, navyo vikaelezwa katika chapisho la mwaka 1948 alilolishiriki na Mary na Louis Leakey. Ufinyanzi huo sasa huitwa Urewe. Mwaka 1989 Jane Barbour na Simiyu Wandibba walihariri Kenyan Pots and Potters, kitabu kinachopita jamii moja baada ya nyingine kikieleza udongo, mikono na matumizi. Mkusanyaji wa Bungoma asiyekisoma ananunua umbo tu.

Kinachobaki na kinachopotea

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitambui ni kwamba vyungu havikufa kwa kiwango kimoja. Chungu cha kupikia hupata moto na kupoa kila siku, hugongwa na mwiko, huinuliwa kikiwa na moto bado. Baada ya muda si mrefu hupata ufa. Mtungi wa maji huishi zaidi. Chungu kikubwa cha pombe ya busaa, kisichohamishwa ila kwa sherehe, huweza kumzika aliyekinunua. Matokeo yake, makusanyo mengi yamejaa vyungu vya pombe, na mtazamaji anaweza kudhani watu hawa walikunywa kuliko walivyokula. Chungu cha mrenda, kunde au mgagani, kile kilicholaza mboga usiku kucha na maziwa, ndicho adimu, na ndicho kinachostahili bei, ingawa sokoni watu huwania kile kikubwa.

Chungu cha busaa kina heshima yake, hata hivyo. Kamalwa, kama Wabukusu wanavyoiita busaa, hunywewa kwa pamoja, wazee wakiwa wameketi kukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, lusekhe (wingi chisekhe). Pombe hiyo ina nafasi katika sikhebo, jando la Wabukusu linalofanyika Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Anayepata chungu pamoja na chisekhe zake amepata karamu nzima. Vikitenganishwa, kila upande unapoteza nusu ya maana.

Chungu chenye ufa nacho hakikutupwa. Kilichopasuka mdomo kilinyweshea kuku; kilichotoboka chini kilijazwa majivu, maji yakamiminwa juu, na kilichochuruzika kikawa munyu wa kulainishia mboga. Mashimo ya namna hiyo si hasara. Mnunuzi anayeyaziba kwa saruji ili chombo kipendeze anafuta ukurasa wa mwisho wa maisha ya chungu.

Kukitambua chungu

Mfinyanzi wa asili hatumii gurudumu. Hujenga kwa pindi za udongo uliochanganywa na mchanga au vigae vilivyopondwa, hulainisha kwa kigae au kibuyu, kisha hubiringisha kamba iliyosokotwa shingoni ikiacha safu za alama ndogo za mshazari. Ukizungusha chungu taratibu utaona mahali mzunguko ulipofunga: alama mbili zimepandana au zimepishana kidogo. Mashine haikosei hapo, mkono hukosea. Uunguzaji hufanywa mahali wazi, kwa kuni na nyasi, na ndio unaoacha mabaka meusi yasiyo na mpangilio.

Umri hujulikana zaidi kwa chini ya chungu kuliko kwa mapambo. Kitako kilichosuguliwa kwa miaka hulainika bila usawa, na masizi ya kweli huingia ndani ya vitundu vya udongo, hayafutiki kwa kitambaa. Chungu kipya kilichofukizwa moshi ili kizeeke huwa cheusi pande zote sawasawa. Wafinyanzi wa Ilesi, Kakamega, ambao vyombo vyao hupangwa kando ya barabara, huuza kazi mpya kwa uwazi. Aghalabu hila huanzia kwa wachuuzi wa katikati.

Chungu kilichounguzwa kwa moto mdogo kisiloweshwe majini; brashi kavu inatosha. Kikalishwe juu ya kata, na siku hiyo hiyo ya kununua liandikwe jina la kijiji, la mfinyanzi likijulikana, na kazi kilichofanya.

Sheria

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya 1895, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Mwaka 1895 ndio Waingereza walipotangaza himaya yao Afrika Mashariki, na kwa Wabukusu ndio mwaka wa vita vya Chetambe, karibu na Webuye. Vyungu vinavyouzwa kwenye masoko ya Chwele na Kimilili, Bungoma, kwa kawaida havifikii umri huo. Vigae vilivyofukiwa ardhini ni habari nyingine: kuvichimbua bila leseni ni kosa, hata shamba likiwa lako.