Orans: mikono juu si mambo ya jana

Wandugu, mzee mmoja wa parokia aliniambia: « Mtoto, kuinua mikono wakati wa sala njo mambo ya kanisa za uamsho, si yetu. » Nilinyamaza. Miye ni mtu wa agronomia, lakini nilienda kutafuta mizizi.

Wenye kuchunguza sanaa ya Wakristo wanaita ile namna « orans », neno la Kilatini: mwenye kuomba. Mtu anasimama, mikono imefunguka, viganja vinaonekana. Roma, chini ya udongo, katika makaburi ya Priscilla, kuna mwanamke amechorwa vile ukutani, kichwa kimefunikwa. Picha ni ya karne ya 3!

Waroma wasio Wakristo pia walikuwa nayo kwenye feza zao. Wakristo waliipa maana ingine: karibu mwaka 200, Tertullianus wa Carthage aliandika kwamba hawainue mikono tu, wanainyoosha kufuata mateso ya Bwana. Kuunganisha viganja kulizoeleka nyuma, katika Ulaya ya zama za kati.

Basi papa, samahani. Jumapili angalia padri kwenye altare: mikono yake iko wapi?