Mbio Ambazo Hazikukimbiwa

Vijana wakikaa kijiweni kubishana habari za Olimpiki, hoja huwa moja tu: medali. Mkenya anazo tele, Mwethiopia anazo, na Mtanzania je? Mbili! Zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980, na hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024 ya tatu haikupatikana. Basi watu hucheka na ubishi unaishia hapo. Lakini hesabu hiyo ina tundu, na tundu lenyewe linaitwa Montreal, 1976.

Hebu turudi nyuma kidogo. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, ilikimbiwa fainali ya meta 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Siku zile wakimbiaji wengi wa masafa hayo walizoea kuviziana, kisha kufyatuka kwenye mzunguko wa mwisho. Filbert Bayi, kijana wa Kitanzania wa miaka 20, hakuwa na habari hiyo. Alichomoka mapema, akaongoza, na hakuna aliyempata. John Walker, mwenyeji wa New Zealand, alimfukuza hadi kwenye utepe, lakini wapi! Bayi alitumia dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Hata Walker aliyekuwa wa pili aliivunja rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun. Mkenya Ben Jipcho alikuwa wa tatu. Muda ule wa Bayi ulibaki rekodi ya Michezo ya Madola kwa miaka 48, hadi mwaka 2022. Si mchezo!

Mwaka 1975 wawili hao wakapokezana rekodi ya maili. Mwezi Mei, mjini Kingston, Jamaica, Bayi aliivunja ya Ryun. Mwezi Agosti, mjini Gothenburg, Sweden, Walker akaivunja ya Bayi, akawa binadamu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 3 na sekunde 50. Kila mpenzi wa riadha akawa na swali moja: wakikutana kwenye Olimpiki ya Montreal, nani mkali?

Hawakukutana. Tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa lugha ya Makaburu, na polisi wakawapiga risasi. Wiki mbili tu baadaye, timu ya raga ya New Zealand ikaanza ziara ya kucheza huko huko Afrika Kusini, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nchi za Afrika zikadai New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo haiwahusu. Basi zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zikasusia. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuanza kushindana, zikafunga mizigo na kurudi nyumbani.

Walker alishinda meta 1500 kwa dakika 3 na sekunde 39.17. Ni sekunde 7 nyuma ya muda wa Bayi kule Christchurch. Simbezi Walker, kwani fainali ile ilikimbiwa kwa kuviziana, na dhahabu ni dhahabu. Ila aliyezoea kuwatoa wenzake mbio tangu mwanzo hakuwepo.

Na hakuwa Bayi peke yake. John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa meta 400 kuruka viunzi mwaka 1972, hakutetea dhahabu yake. Mmarekani Edwin Moses aliichukua, na rekodi ya dunia ya Akii-Bua pia. Wakenya Mike Boit na Henry Rono walikosa Montreal, kisha wakakosa na Moscow, maana mwaka 1980 Kenya nayo ilisusia kwa sababu ya Wasovieti kuingia Afghanistan. Fikiria: mwaka 1978 Rono alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81, lakini hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja! Tanzania ilikwenda Moscow. Huko Bayi, akiwa amehamia meta 3000 kuruka viunzi na maji, alipata fedha, na Suleiman Nyambui akapata nyingine katika meta 5000. Ndizo zile mbili tunazozicheka kijiweni.

Je, mgomo ulikuwa na maana? Mimi nasema ndiyo. Mwaka 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana, huko Gleneagles, Uskoti, kuzuia michezo na Afrika Kusini ya ubaguzi. Mwaka 1981 New Zealand iliikaribisha tena timu ya raga ya Afrika Kusini, lakini safari hii maelfu ya wananchi wake wenyewe waliingia mitaani kupinga. Afrika Kusini yenyewe haikurudi Olimpiki hadi Barcelona mwaka 1992.

Lakini tuulizane, nani alilipa? Uamuzi ulikuwa wa serikali, na gharama ikawa ya wakimbiaji. Mwanasiasa akikosa mkutano mmoja, upo mwingine. Mkimbiaji akikosa Olimpiki moja husubiri miaka minne, na miguu haisubiri. Vitabu vya rekodi huandika waliofika. Wale waliobaki nyumbani ili mtoto wa Soweto asisahauliwe, hawana hata mstari.

Wewe unayeshika kalamu, siku utakapoandika historia ya Olimpiki, usinakili orodha ya medali ukadhani umemaliza kazi. Waulize wazee wetu wa riadha wangali hai, uandike na mbio ambazo hazikukimbiwa. Na kijiweni, mtu akisema Tanzania ina medali mbili tu, mwambie ni kweli, kisha umuulize kama anajua mwaka 1976 tulitoa nini.