Pengwini na Papa Upanga: Aliyehesabiwa na Asiyehesabiwa

Insha hii inalinganisha historia ya viumbe wawili wa bahari za kusini mwa Afrika: pengwini wa Afrika na papa upanga mwenye meno makubwa. Leo wote wako hatarini mno kutoweka, lakini kumbukumbu zao hazilingani.

Pengwini hutaga nchi kavu, mbele ya macho ya watu. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara walikwangua kinyesi cha ndege katika kisiwa cha Ichaboe, Namibia, na kukiuza kama mbolea, ilhali pengwini huchimba viota vyao humo. Kwingineko mayai yao yalikusanywa kwa chakula. Biashara huacha hesabu, na kwa hesabu hizo tunafuatilia jinsi walivyopungua. Meli ya Treasure ilipozama karibu na Cape Town mwaka 2000, pengwini takriban 19,000 waliochafuliwa na mafuta walihesabiwa na kuoshwa.

Papa upanga aliishi katika maji ya matope, kama ya mlango wa St Lucia, Afrika Kusini. Msumeno wake ulinasa kwa urahisi katika nyavu zilizotegewa samaki wengine, kwa hiyo wachache walijali kumhesabu. Tangu mwaka 1999 hajathibitishwa kuonekana nchini humo.

Kwa maoni yangu, ukimya wa nyaraka si ushahidi kwamba hakuna kilichopotea. Historia ya papa upanga imo katika misumeno iliyotundikwa ukutani na katika vinywa vya wavuvi wazee. Tuwahoji wangali hai.