Mtunzi na Mnakili katika Istilahi za Dublin Core
Mnamo Machi 1995 wataalamu walikutana Dublin, katika jimbo la Ohio, Marekani, wakaorodhesha vipengele 13 vya metadata, yaani maelezo ya kuitambulisha hati katika intaneti. Kimoja kilimtaja mwandishi. Baadaye, vipengele vilipofika 15, istilahi hiyo ilipanuliwa imhusu yeyote aliyekiunda kitu. Kuifasiri “muumba” ni muhali. Muumba ni Mungu. “Mtunzi” yafaa zaidi. Lakini tumwingize wapi Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyetunga tenzi na kunakili pia za wengine? Maktaba ya kidijitali isiyomtenga mtunzi na mnakili itamfanya mhakiki amsifu Kijuma kwa beti zisizo zake. Kipengele cha “mchangiaji” kipo, ila ni finyu: tungo kadhaa twazisoma leo kwa hati ya mkono wake.